Tani 1,200 kwa Siku: Historia ya Moto Ngara na Biharamulo

Kila inapozungumzwa habari ya misitu ya Ngara, mwaka unaotajwa kwanza ni 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Baada ya miezi michache majina ya kambi za Benaco, Lumasi, Musuhura na Lukole yalikuwa yakisikika redioni dunia nzima, na wilayani Ngara wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji. Mkoa mzima wa Kagera ulihifadhi zaidi ya watu nusu milioni, na kuni walizochoma zilikadiriwa kuzidi tani 1,200 kwa siku. Tathmini zilizofuata zilisema kilomita za mraba 570 za misitu ziliguswa, na 167 kati ya hizo zilikatwa vibaya sana. Takwimu hizo zimenakiliwa katika ripoti nyingi hadi zimekuwa imani: Ngara na Biharamulo zilikuwa na misitu, wakimbizi wakaja, misitu ikaisha. Imani hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini imefunika jambo zito kuliko lile inaloeleza, nalo ni kwamba kambi hazikuanzisha ulaji mpya wa nishati katika wilaya hizi. Zilikusanya mahali pamoja ulaji uleule wa mafiga matatu uliokuwa ukiendelea kijijini kila siku bila kuhesabiwa, ulaji ambao ungali unaendelea leo, na ambao hakuna chanzo kipya cha nishati kilichowahi kuletwa kwa ajili ya kuupunguza.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na yeyote anaweza kuirudia. Tani 1,200 ni kilo 1,200,000. Ukizigawa kwa watu 500,000 unapata kilo 2.4 kwa kila mmoja kwa siku. Ukizigawa kwa 600,000 unapata kilo mbili kamili. Sasa, makadirio ya miaka mingi kuhusu Tanzania vijijini yanampa kila mtu takriban mita moja ya ujazo ya kuni kwa mwaka, ambayo kwa uzito inakaribia kilo 700, yaani chini kidogo ya kilo mbili kwa siku. Mkimbizi wa Benaco, kwa hiyo, hakuwa mharibifu wa aina ya pekee. Alipika kama alivyopika jirani yake Mhangaza au Mshubi, kwa mafiga yaleyale, na tofauti ndogo iliyobaki ina sababu zake nitakazozieleza. Tuchukue tena sensa ya 2012, wakati kambi zilikwishafungwa: Ngara ilihesabiwa watu 320,056 na Biharamulo 323,486. Wape kilo mbili kila mmoja, utapata karibu tani 1,290 kwa siku. Wilaya mbili zilizotulia, zisizo na kambi wala mwandishi wa habari wa kigeni, zinachoma kuni nyingi kama zile zilizoitwa janga mwaka 1994, na zimekuwa zikifanya hivyo bila ya mtu kuuita ulaji huo jina lolote.

Ili kuelewa ni misitu gani iliyokutwa na kambi, lazima turudi nyuma sana, maana msitu wa huko haukuwa umekaa tu tangu dunia iumbwe ukingoja shoka la kwanza. Nchi iliyo magharibi na kusini-magharibi ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za kale kabisa za ufuaji chuma katika Afrika. Mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt, aliyeanza kazi Kagera mwishoni mwa miaka ya 1960, alifukua karibu na Bukoba matanuru yenye umri unaozidi miaka 1,500, na chavua zilizohifadhiwa ardhini zilimwonyesha kuwa msitu wa eneo hilo ulipungua katika karne hizohizo za ufuaji. Kusini zaidi, katika nchi ya Wazinza ambayo Rusubi, yaani Biharamulo ya zamani, ilikuwa sehemu yake, walikuwako Warongo, chama cha wayeyusha chuma kilichopokea watu wa koo na makabila mbalimbali ilimradi waingizwe katika miiko ya kazi. Schmidt aliwakuta wazee wao wakikumbuka bado namna ya kujenga tanuru na kuvukuta mivukuto, akawaomba wairudie kazi mbele yake. Tanuru hizo zilikula mkaa, na mkaa ulichomwa kwa miti migumu iliyochaguliwa. Kuyeyusha chuma ni kubadili msitu kuwa jembe. Basi miti iligeuzwa kuwa nishati ya uzalishaji huku karne nyingi kabla ya Mjerumani kujenga boma lake pale kilimani Biharamulo, na wayeyushaji walihama mti ulipoadimika, wakaacha pori lirudi. Jembe la dukani kutoka Ulaya ndilo lililowazimia moto.

Tukio la pili lilikuja kinyume kabisa: halikukata msitu, liliuotesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Karagwe, Bushubi na Buzinza ikafyeka ng'ombe, na nyuma yake zikaja ndui, funza na njaa. Watu walipopungua na malisho yakakosa ng'ombe wa kuyala, vichaka vilisonga mbele, na pamoja navyo mbung'o. John Ford, mtaalamu wa mbung'o wa serikali ya kikoloni aliyeifahamu nchi hii kwa miguu, alionyesha jinsi nchi zilizokuwa za wafugaji zilivyomezwa na pori katika muda wa kizazi kimoja au viwili. Waingereza waliongeza lao walipowahamisha watu kutoka maeneo ya mbung'o na kuwaweka katika makazi ya pamoja kuepusha malale. Kila kijiji kilichohamishwa kiliacha nyuma yake mashamba yaliyogeuka mwitu. Baadaye mapori hayo yaliwekewa mipaka, yakawa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na mwaka 2019 yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Sehemu kubwa ya msitu ulioliliwa mwaka 1994 ilikuwa na umri wa miaka mia moja hivi, na ilimea juu ya msiba wa watu waliokufa au kuondolewa. Sisemi hivyo kuhalalisha kuukata. Nasema hivyo kwa sababu historia inayoanzia 1994 huutazama msitu kama kitu kisichokuwa na watu, na watu kama kitu kilichouvamia, ilhali hapa mti na mtu wamekuwa wakipokezana ardhi kwa karne nyingi, na kuni ndiyo iliyokuwa hesabu kati yao.

Ndani ya kambi zenyewe, moto ulikuwa na sababu zake. Mgao wa chakula ulikuja kwa wingi kama mahindi ya punje na maharage makavu. Atakayetaka kujua maana yake achukue debe la mahindi yasiyokobolewa ayachemshe kwenye mafiga matatu nje, kilimani, upepo ukivuma: atakaa hapo saa tatu au nne akisukuma kuni ndani, na kila anaposukuma sehemu kubwa ya joto inapita pembeni ya sufuria na kupotelea hewani. Mwenyeji wa Ngara hula ndizi zinazoiva haraka, ana mabua, ana magunzi, ana matawi ya mibuni yaliyopogolewa. Mkimbizi hakuwa na shamba la kumpa masalia hayo; alikuwa na punje, maharage na mti ulio karibu. Hapo ndipo ilipotoka sehemu ya ile tofauti kati ya kilo 1.9 na 2.4. Wahudumu wa kambi walilitambua jambo hili baada ya muda. Mahindi yalipoanza kusagwa kabla ya kupikwa, majiko ya udongo yalipofundishwa, watu walipohimizwa kuloweka maharage na kufunika sufuria, matumizi yalishuka. Miti mingine ilipakwa alama ili isiguswe, na malori yakaleta kuni kutoka mbali. Funzo la Benaco ambalo lingefaa kukumbukwa kuliko yote lilikuwa hilo: ulaji wa kuni si silika ya mtu wala desturi ya kabila, hubadilika mara moja chakula, chombo na bei vinapobadilishwa. Lakini Desemba 1996 serikali ya Tanzania iliwataka Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Waliobaki walikuwa Warundi, hasa Lukole, hadi kambi hiyo nayo ilipofungwa mwaka 2008. Miradi ikaondoka na wafadhili wake, na vijiji vilivyozunguka vikabaki na mafiga yaleyale.

Hapa mpinzani atasema, na atakuwa na haki ya kusema, kwamba nalinganisha visivyolingana. Tani 1,290 za wilaya mbili zinatoka katika eneo linalozidi kilomita za mraba 9,000. Tani 1,200 za kambi zilitoka katika eneo dogo lililozizunguka. Mwanakijiji huokota tawi kavu, mkimbizi alikata mti mbichi, wakati mwingine hadi kisiki. Hoja hii ni ya kweli na ndiyo inayoeleza kwa nini milima ya kuzunguka Benaco ilibaki uchi ilhali milima mingine haikubaki hivyo. Ila inazungumzia mahali palipoumia, haizungumzii kiasi kilicholiwa, na kwa nishati kiasi ndicho kinachodumu. Jeraha la kambi lilichukua chini ya miaka mitatu kwa ukali wake, kisha sehemu kubwa ya miti iliyoachiwa visiki ikachipua tena, kama miombo inavyochipua ikipewa nafasi. Ulaji wa kijiji haupumziki, na tangu miaka ya 1990 umeongezewa mkaa. Mkaa ni jambo jingine kabisa. Tanuri la udongo porini huhitaji kilo sita hadi kumi za mti kutoa kilo moja ya mkaa. Mti ukatwao ni mbichi na mgumu. Na gunia likishafungwa na kusimamishwa kando ya barabara kuu linakwenda kumpikia mtu wa mjini asiyewahi kuliona pori hilo. Wanakijiji wa Biharamulo wanaochoma mkaa hawafanyi hivyo kwa kukosa elimu ya mazingira, wanauza nishati kwa soko linaloitaka. Kati ya mkimbizi aliyepikia watoto wake na soko la mkaa lisilofunga mlango, mimi naona la pili ndilo lenye deni kubwa kwa msitu, na ndilo linalotajwa kidogo.

Na umeme? Historia ya umeme wa wilaya hizi ni fupi, na imejaa maamuzi yaliyofanywa kwa ajili ya wengine. Bukoba ilipata umeme wake kwa miaka mingi kutoka Uganda, kwa laini inayopita Masaka na Kyaka, na laini hiyo haikufika Ngara wala Biharamulo. Tulawaka, mgodi wa dhahabu uliofunguliwa wilayani Biharamulo mwaka 2005 na baadaye kununuliwa na Shirika la Madini la Taifa na kuitwa Stamigold, uliendeshwa kwa miaka mingi na majenereta yake wenyewe ya dizeli. Katikati ya miaka ya 2010, kwa msaada wa Uholanzi kupitia mpango wake wa ORIO, Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) lilijenga vituo vya dizeli Ngara, Biharamulo na Mpanda. Kila kimoja kilikuwa na uwezo wa megawati 2.5. Ilikuwa faraja kubwa. Hospitali ziliwaka, mashine za kusaga na za kuchomelea zikapata kazi, wanafunzi walisoma usiku. Hakuna aliyetarajia majenereta hayo yapike maharage, na hayakupika. Umeme uliotoka humo ulikuwa wa mafuta yaliyosafirishwa kwa lori kutoka pwani, zaidi ya kilomita 1,000, na TANESCO iliuuza kwa bei ya taifa iliyokuwa chini ya gharama ya kuuzalisha.

Uholanzi yenyewe inafaa kutazamwa, kwa sababu ni nchi ndogo iliyowahi kuishi kwa kuchoma ardhi yake. Kwa karne kadhaa Waholanzi walichimba udongo wa mboji kwenye mabwawa yao, wakaukausha na kuuchoma majumbani na viwandani hadi mashimo yakajaa maji na kuwa maziwa. Baadaye wakaingia makaa ya mawe. Mwaka 1959 iligunduliwa gesi Slochteren, mkoani Groningen, na mwaka 1963 ikaundwa kampuni ya Gasunie kuisambaza. Katika miaka kumi hivi bomba lilikuwa limefika karibu kila mji, na migodi ya makaa ya Limburg ikafungwa mmoja baada ya mwingine, wa mwisho mwaka 1974. Mama wa nyumbani wa Kiholanzi hakuacha makaa kwa sababu ya semina. Aliacha kwa sababu serikali iliamua nishati mpya ianzie jikoni, ikaweka bomba, ikapanga bei ambayo familia ya kawaida iliimudu. Gesi hiyo nayo ilileta madhara yake: ardhi ya Groningen ilianza kutetemeka, na uzalishaji ukasimamishwa Oktoba 2023. Ila kwa hoja yangu kilicho muhimu ni mpangilio wa mambo. Kwao jiko lilikuwa la kwanza. Kwetu Ngara na Biharamulo, hadi mwaka 2024, jiko halikuwa katika mpango hata kama jambo la mwisho.

Ushahidi mkubwa wa hayo ni Rusumo. Mto Kagera unapoanguka pale mpakani ulikwisha kuvutia macho ya wapangaji tangu zamani, na Agosti 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini palepale Rusumo mkataba ulioanzisha Shirika la Bonde la Mto Kagera. Uganda ikajiunga mwaka 1981. Bwawa lilikuwa ndilo tumaini lao kuu. Fedha hazikupatikana, vita vikazuka, na shirika lenyewe likavunjwa mwaka 2004 likiwa halijazalisha hata uniti moja. Mpango ukafufuliwa chini ya ushirikiano wa nchi za Mto Nile, Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 340 mwaka 2013, na baada ya majadiliano marefu bwawa kubwa lililotazamiwa kuzamisha mabonde ya juu likaachwa, ukajengwa mtambo unaotegemea maji yanayopita. Ujenzi ulianza 2017. Mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 80 iliwashwa kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, na kila nchi ina haki ya theluthi moja, karibu megawati 26.7. Theluthi ya Rwanda inakwenda kituo cha Shango, ya Burundi inakwenda Gitega, na ya Tanzania inapita juu ya vijiji vya Ngara hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo, kuingia gridi ya taifa. Kutoka Benaco, jina lilelile la kambi, umebuniwa mradi wa laini ya kilovoti 220 kwenda Kyaka ili mkoa wa Kagera uachane na kutegemea Uganda.

Sasa weka kuni na Rusumo kwenye mizani moja. Kilo moja ya kuni kavu ina joto la uniti nne hivi za umeme. Tani 1,200 ni uniti milioni tano kwa siku, ambapo mitambo yote mitatu ya Rusumo ikienda kwa nguvu zake zote usiku na mchana haiwezi kuzidi uniti 1,920,000. Mtambo wa mataifa matatu, uliongojwa tangu 1977, hautoi hata nusu ya nishati ambayo wanawake wa wilaya mbili huibeba kichwani. Mtu anaweza kukata tamaa hapo. Lakini mafiga matatu hufikisha kwenye sufuria asilimia 10 hadi 15 tu ya joto hilo. Lililobaki ni moshi na kupasha moto hewa. Joto linalofanya kazi kweli, kwa hiyo, ni kati ya uniti 500,000 na 750,000 kwa siku, na theluthi ya Tanzania kule Rusumo, ikizalisha bila kupumzika, ni karibu uniti 640,000. Yaani fungu letu la maporomoko yale linalingana kwa kiasi na mahitaji ya jikoni ya Ngara na Biharamulo. Mhandisi atanikumbusha kuwa watu hupika jioni kwa pamoja, kwamba mto hupungua kiangazi, kwamba jiko la umeme nalo lina upotevu wake, na kwamba gridi ni ya taifa, si ya tarafa. Yote ni kweli, na sidai kwamba Rusumo ifungwe waya na majiko ya Ngara peke yake. Nataka ionekane tu kuwa ukubwa wa tatizo na ukubwa wa nguvu zinazopita mlangoni si vitu vya kimo tofauti, kama inavyodhaniwa.

Kizuizi kiko kwenye bei na kwenye chombo. Kaya ya kijijini inaunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000, na kwa hilo Wakala wa Nishati Vijijini unastahili sifa. Anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi analipia shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akivuka hapo anahamishiwa daraja la shilingi 292, ambayo pamoja na makato inafika 356 hivi. Familia ya watu watano inayochoma kilo kumi za kuni kwa siku inahitaji sufuriani uniti nne hadi sita za joto. Kwa jiko la kawaida la koili zitakuwa uniti sita hadi tisa kutoka kwenye mita, sawa na 180 hadi 270 kwa mwezi. Ni kati ya shilingi 64,000 na 96,000, kwa mtu ambaye kuni zake hazimgharimu senti. Bei hiyo imetungwa kwa ajili ya taa, redio na kuchaji simu, na inamwadhibu anayethubutu kupika. Sufuria la presha la umeme, lililofungwa vizuri lisipoteze joto, lingeshusha matumizi hayo sana kwa maharage na makande hasa, vyakula vilevile vilivyomaliza miti ya Benaco. Lakini bei ya sufuria hilo inamshinda mkulima, na hakuna anayemkopesha.

Kuna wanaouliza kwa nini tuhangaike na hewa ukaa ya watu maskini kiasi hiki. Mtanzania kwa wastani anatoa takriban robo tani ya kaboni dayoksaidi kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa, na Mholanzi anatoa karibu tani saba au zaidi. Swali hili lina haki yake, na mtu yeyote anayekuja Ngara kuhubiri juu ya joto la dunia alijibu kwanza. Ila hesabu hiyo ya robo tani haihesabu kuni. Tani 1,200 zikiungua hutoa karibu tani 2,000 za kaboni dayoksaidi kwa siku. Vituo viwili vya dizeli vya Ngara na Biharamulo, hata kama vingeendeshwa kwa uwezo wao wote saa 24, visingefika tani 100. Tukizima dizeli na kujisifu kuwa tumesafisha hewa huku mafiga yakiwaka, tumefuta sehemu ndogo sana ya hesabu. Mti unaoota tena huirudisha kaboni hiyo ardhini, na hapo kuni ina heri kuliko mafuta. Mti uliogeuzwa mkaa bila kupandwa mwingine haurudishi kitu. Lakini hata tukiiacha dunia na joto lake, moshi ule kwanza huingia mapafuni mwa mwanamke aliyeinama jikoni na mtoto aliyembeba mgongoni. Serikali yenyewe imetaja vifo 33,000 kwa mwaka nchini vinavyotokana na moshi wa kupikia. Kwa mtazamo huo, hewa chafu ya Ngara ni suala la Ngara kabla halijawa la mtu mwingine.

Wengine husema wali wa kuni ni mtamu zaidi, na kwamba watu hawataacha moto wao. Kambi zilikwisha kulijibu hilo: watu walioloweka maharage na kufunika sufuria walifanya hivyo mara tu walipoona faida, bila kushurutishwa na utamaduni wala kuuvunja. Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zikatakiwa kuacha kuni na mkaa. Ni mara ya kwanza jiko kuwekwa kwenye sera ya nishati kwa uzito huo, na nauunga mkono kwa moyo wote. Ninachokiogopa ni kwamba vijijini mkakati huu utakuwa wa mitungi ya gesi inayogawiwa kwenye mikutano na kukosa kujazwa tena, wakati umeme wa maji unapita juu ya paa. Na mlango wa Kabanga, mgodi wa nikeli wilayani Ngara, unafunguliwa: nikeli hiyo inatakiwa na watengenezaji wa betri za magari duniani, kampuni ya Tembo Nickel iliundwa na mbia wa nje na serikali mwaka 2021, na mgodi huo ukianza utahitaji umeme mwingi. Utaupata, kwa kuwa utaulipia.

Kwa hiyo halmashauri za Ngara na Biharamulo zisingoje kufikiriwa. Zipime kuni zinazoliwa kila kata, kwa kilo, kama UNHCR ilivyopima za wakimbizi. Zianze na jikoni za shule za sekondari, ambako sufuria moja hulisha mamia na ambako nguzo ya umeme tayari iko uwanjani. Na wabunge wa majimbo haya wapeleke kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ombi moja mahususi: daraja la bei ya kupikia, lisilokatika kwenye uniti 75, kwa kila kaya iliyo chini ya laini ya Rusumo hadi Nyakanazi.